Nyumba Isiyo na Msingi

Kiirua, 3 Septemba 2023

Sheila wangu,

Mimi ni mzima. Magoti tu ndiyo hulalamika asubuhi, nayo yakipashwa moto jikoni hunyamaza. Baridi ya Agosti imekataa kuondoka, imeingia Septemba bila kubisha hodi. Viazi vimefanya vizuri na ngano ya majirani imeanza kugeuka rangi. Ntinyari, jirani yetu wa pale karibu na mto, amejifungua mtoto wa kike na anakusalimu. Shemeji yangu Marete na watu wake pia ni wazima. Tangu tumzike Kaimenyi wangu, huyo shemeji hupita hapa karibu kila siku kuniangalia, hata siku ambazo sitaki kuangaliwa.

Utauliza mbona barua na simu iko. Simu ya hapa, mwanangu, ni ya ukoo mzima. Nikiongea nawe, Mutugi wa Marete anataka niweke spika ili naye akusalimie, na akishasalimia haondoki. Tena mimi, dada wa mama yako, ndiye niliyekufunza kuandika, pale nasari ya parokia, na sioni kwa nini kazi yangu ipotee bure.

Sasa sikiliza. Padre alituambia juzi kwamba Loreto, ile ya litania ya Mama Maria tunayosali kwa jumuiya, ni mji wa kweli. Uko Italia, juu ya kilima kinachotazama bahari, na ndani ya basilika yake mna nyumba ambayo Mama Maria aliishi kule Nazareti. Nilipomwambia wewe unafanya kazi mahali panaitwa Porto Recanati, alitazama simu yake akaanza kucheka. Alisema uko chini kabisa ya hicho kilima. Umekaa hapo mwaka mzima na hukuona haja ya kuniambia.

Anasema mahujaji huizunguka hiyo nyumba kwa magoti. Yangu unayajua. Nenda unizungukie mara moja, uniombee jambo langu. Jambo lenyewe siliandiki. Wewe sema tu "lile la Nelius", Mama ataelewa.

Tata wako,
Nelius


Porto Recanati, 8 Oktoba 2023

Muga, Tata.

Barua yako imefika, bahasha ikiwa imechoka kunishinda mimi. Bibi ninayemtunza, Signora Ines, aliomba stempu yenye ndovu nikampa, sasa ameibandika kwenye jokofu na kila anayekuja kumpima presha lazima aionyeshwe. Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile: kumwogesha, kumpikia supu, kumsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi ufukweni na kumrudisha akilalamika kwamba upepo ni mwingi.

Kilima unachosema nakiona kila siku nikianika nguo. Kuba la basilika liko pale juu, kama sufuria iliyofunikwa. Ni kweli sijawahi kupanda. Siku yangu ya kupumzika ni Jumapili, na Tata, Jumapili mimi hulala. Usimwambie Padre. Nitaenda, lakini unanituma kama mtu anayetumwa dukani bila kuambiwa ananunua nini. Nikifika huko na Mama Maria aniulize ni lile lipi la Nelius, nitamjibu nini? Niambie tu.

Ntinyari alinitumia picha ya mtoto wake. Ni mrembo, ingawa kichwa ni cha baba yake. Nyuma yao nikaona boma letu, lakini zizi sikuliona. Ng'ombe yuko wapi? Au picha ilikatwa vibaya?

Naikumbuka sana Kiirua. Siku nikirudi nitalala katika chumba changu cha nyuma mpaka jua liwe kali. Usimkubalie Marete aweke viazi humo.

Mtoto wako,
Sheila


Kiirua, 19 Novemba 2023

Sheila wangu,

Barua yako ilikaa posta ya Meru ikisubiri nishuke, na mvua haikuniruhusu kushuka. Sasa nimeipata na nimeisoma mara nyingi. Mwambie huyo bibi nitamtafutia stempu ya twiga.

Umeuliza mambo kadhaa, nami nitajibu yote. Mvua ni nyingi, barabara ya kwenda mission imekatika, na mapadre wanakuja kwa pikipiki wakiwa na matope mpaka kwa kola. Mutugi ameoa msichana mtaratibu kutoka Mikinduri. Amejenga nyumba ya mawe, na ameijenga karibu. Karibu sana, hivi kwamba asubuhi nasikia akikoroga chai. Marete alisogeza ua kidogo upande wangu ili bibi arusi apate mahali pa kuanika nguo. Sikuona haja ya kubishana kwa ajili ya nguo.

Chumba chako nimekifagia na kubadilisha pazia. Viazi havimo. Kwenu ni kwenu hata ukae na wazungu mpaka uote nywele zao, na ni lazima mtu awe na mahali pa kurudi.

Kuhusu lile jambo langu, nilisema siliandiki. Umeenda?

Tata


Porto Recanati, 12 Desemba 2023

Tata mpendwa,

Nimeenda, na nimeenda siku kubwa kabisa. Tarehe kumi ni sikukuu yao ya kuletwa kwa ile nyumba. Jioni iliyotangulia watu wa huku huwasha mioto mikubwa mashambani na mbele ya makanisa. Nilidhani wanachoma takataka. Signora Ines akanieleza kwamba wanawamulikia malaika njia, kwa sababu nyumba ilibebwa na malaika kutoka Nazareti, ikavuka bahari, ikawekwa pale kilimani. Mpwa wake alikuwa ametutembelea, naye akasema huenda ni watu tu waliopakia mawe kwenye merikebu wakati wa vita. Signora alimwambia anyamaze, ale. Ndiyo maana, anasema Signora, marubani wote duniani mlinzi wao ni Mama wa Loreto. Nikikata tiketi ya ndege nitajua pa kupeleka malalamiko.

Asubuhi huyo mpwa akatupeleka kwa gari, mimi na Signora. Kutoka juu unaona bahari yote, Tata. Siku hiyo ilikuwa rangi ya kijivu na imetulia, na mashamba yanateremka mpaka ufukweni yamelimwa kwa mistari kama ya ngano ya Kiirua. Nilisimama pale nikasahau kiti cha Signora, ikabidi aniite.

Ndani ya basilika kubwa kuna hiyo nyumba ndogo. Nje wameivika marumaru iliyochongwa watu na manabii, lakini ukiingia mlangoni ni kijumba tu. Kuta ni tatu, za mawe ya kawaida, na zimekuwa nyeusi kama jikoni kwako. Jikoni na sebule yako ukiziunganisha zinatosha. Mama Maria mwenyewe ni mweusi kutushinda mimi na wewe, kavalishwa nguo ndefu ya thamani, na mtoto kachungulia hapo juu. Nilifurahi kumwona. Sijui kwa nini nilifurahi hivyo.

Nikazunguka kwa magoti. Ngazi ya marumaru imechimbika mifereji miwili kuzunguka nyumba yote, ni magoti ya watu wa miaka mingi yaliyoila. Ukiweka yako yanaingia humo yenyewe. Mbele yangu kulikuwa na mwanamume wa suti akilia bila kujificha. Mimi nikasema: lile la Nelius, mpe analotaka, hata kama mimi silijui.

Kuna kitu kimoja Signora aliniambia tukiwa kwenye gari na bado kinanizunguka kichwani. Waliwahi kuchimba chini ya ile nyumba kuangalia. Haina msingi. Imekaa tu juu ya ardhi, sehemu yake juu ya barabara ya zamani, na bado imesimama.

Sasa nami nina swali moja tu, na ukilijibu kama ulivyojibu la ng'ombe sitanyamaza. Ua uliposogezwa ulifika wapi?

Sheila


Kiirua, 28 Januari 2024

Sheila,

Heri ya mwaka mpya. Asante kwa magoti yako. Barua yako niliisoma kwa jumuiya, ile sehemu ya basilika, na Mama Njoki alitaka nirudie pale pa mioto. Swali lako la mwisho sikulisoma kwa mtu.

Ua ulifika kwenye mlango wa jikoni. Ng'ombe nilimwuza kwa sababu zizi lilibaki upande wa pili. Choo pia kiko upande wa pili, nami hupita kwa bibi ya Mutugi, ambaye ni mtoto mzuri na huona aibu kuliko mimi. Marete anasema shamba ni la ukoo, na Kaimenyi hakuacha mtoto. Nimeambiwa naweza kwenda kortini, na sheria iko upande wangu. Najua. Lakini kesi ya shamba inakuwa ndefu kuliko maisha ya mtu, na mimi sitaki kuzeeka kwenye benchi.

Nilikuomba uniombee nguvu za kubaki. Hilo ndilo jambo langu, sasa umelijua. Mama yako, dada yangu Ruguru, alikuacha mikononi mwangu ukiwa hujaanza kutembea, na baba hatukumjua. Nikiondoka hapa, wewe utarudi wapi? Utashuka kwenye ndege uende kwa nani? Mimi nakaa kwa ajili ya kile chumba cha nyuma. Wakisogeza ua mpaka kitandani, nitalala nikiwa nimekunja miguu, lakini utakuta mlango.

Hayo yametosha. Usimpigie Mutugi simu.

Tata


Porto Recanati, 25 Februari 2024

Tata yangu,

Sijampigia Mutugi. Nililia, nikamwogesha Signora, nikalia tena, naye akanipa leso yake yenye harufu ya karafuu.

Wewe umekaa unapita uani kwa watu kwenda choo ili mimi nisikose Kiirua. Basi nikwambie ukweli. Sitaki Kiirua. Sijawahi kuitaka. Kila barua nimekuandikia kwamba naikumbuka, kwa sababu nilidhani ndilo neno unalopenda kusoma.

Unakumbuka sherehe ya Mutugi alipotoka jandoni? Nilikuwa darasa la sita. Nyama ilipogawanywa, wasichana wa boma tulisimama jikoni na sahani zetu. Marete akanitazama, akawaambia wanaogawa, "Huyo ni wa kuja. Apewe pamoja na wageni." Wewe ulikuwa nje ukikaribisha watu. Kaimenyi wako, niliyemwita Guka, alikuwa pale pale. Hakusema neno, ila alikata kipande chake akaniwekea kwenye sahani, na mimi nilimpenda kwa hilo na nikamkasirikia kwa kunyamaza. Nilikula kule kwa wageni. Sikukwambia, kwa sababu ulikuwa umevaa kile kitambaa chako kipya na ulikuwa na furaha.

Tangu siku hiyo nilijua mimi ni mgeni anayelala chumba cha nyuma. Ninachokumbuka mimi ni wewe. Nakumbuka ukipuliza moto huku ukiimba vibaya, ukinikemea kwa Kimbeere cha kwenu ili wenye boma wasielewe, ukinipaka mafuta miguu kabla ya shule. Hayo hayakutoka kwa shamba la Marete.

Usinitunzie Kiirua, Tata. Nakuomba kama ninavyoomba kwa magoti. Nenda mahali unapoweza kulala umenyoosha miguu, na nitarudi huko huko, pawe popote.

Sheila


Porto Recanati, 5 Mei 2024

Tata,

Pasaka imepita na sijapata neno lako. Nimepiga simu yako haipatikani. Ntinyari naye anasema tu "yuko sawa, atakuandikia," kwa sauti ya mtu aliyekatazwa kusema. Kama nilikuumiza kwa yale niliyoandika juu ya nyama na juu ya Guka, nisamehe maneno, lakini siwezi kuyafuta kwa sababu ni ya kweli.

Signora Ines anakusalimu. Ameniambia nipande tena kule juu nikuulizie. Nilipanda. Nilikaa nje kwenye ukuta nikatazama bahari mpaka baridi ikaniingia, na sikujua niombe nini tena.

Niandikie hata mstari mmoja.

Sheila


Siakago, 9 Juni 2024

Mwanangu Sheila,

Angalia juu hapo nilikoandikia. Huko ndiko niliko.

Sikukuandikia mapema kwa sababu sikuwa na meza. Simu nilimwachia bibi ya Mutugi aweke laini yake, anaihitaji kuliko mimi, na mimi nimechoka na spika. Kila mtu hapa ni mzima. Mjomba wako Munene ni mzima, ndengu zimevunwa, na joto la Siakago ni lile lile nililolikimbia nikiwa msichana. Limenisubiri.

Barua yako ya Februari niliisomea posta nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye nyama niliketi kwenye ngazi. Nilikaa pale mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa. Iliniuma sana, Sheila. Nilikuwa nje nikiwapa watu viti, na mtoto wangu yuko ndani anapelekwa kwa wageni. Nilimkasirikia Kaimenyi, na mtu aliyekufa akikasirikiwa hana la kujibu, kwa hivyo ilibidi nimsamehe upesi. Kisha nikaanza kufikiri juu ya ile nyumba yako isiyo na msingi. Yangu pia haina. Nyumba ya mbao hukaa juu ya mawe, basi.

Wiki ya Pasaka Marete aliita mkutano wa ukoo. Mzee Kiunga ndiye alikuwa mwenyekiti. Walizungumza juu yangu mchana kutwa kana kwamba mimi ni mti uliokua vibaya mpakani. Mwishowe Marete akasimama akasema, "Huyu mama asitusumbue. Akitaka kurudi kwao arudi, na mbao zake abebe." Watu wakacheka sana. Nami nikasimama nikasema, "Asante, shemeji. Wazee mmesikia." Wakaendelea kucheka.

Wiki iliyofuata Munene alikuja na lori, na fundi wake anaitwa Gachoki, na vijana wa kubeba. Marete alipoona mabati yanashuka alikuja mbio. Alisema ule ulikuwa mzaha, na kwamba zile mbao Mutugi anazihitaji kwa jikoni. Nikamwambia nazijua mbao hizo kutoka zikiwa miche, miti yote ya mikima pale chini niliipanda kwa mkono wangu. Akamwita Mzee Kiunga aje anikataze. Kiunga alifika, akaitazama nyumba ilivyobaki mbavu tupu, akamwambia Marete, "Ulisema mbele yetu." Akaomba kiti, akakaa kivulini kuangalia kazi.

Gachoki alitaka kuandika nambari kwenye mbao ili asipotee akiziunganisha. Nilimnyang'anya chaki. Ukuta wa mbele niliuandika ba, be, bi, bo, bu, wa jikoni da, de, di, do, du, na kuendelea hivyo. Huku Siakago vijana walikuwa wakiziita kwa sauti juu ya ngazi, "leta mo, leta mu," mpaka watoto wa shule wakasimama barabarani kuitikia. Malaika sikuwaona. Niliona Gachoki na shavu limejaa majani ya muguka anayotafuna, na nyumba imesimama.

Kaburi la Kaimenyi sikuweza kulipakia. Nilienda asubuhi ile nikamweleza, nikang'oa majani, nikampandia maua ambayo mbuzi hawali. Bibi ya Mutugi ameahidi kulipalilia, na yeye namwamini. Nililia nikiwa mbele ya lori, Munene akajifanya anatafuta stesheni ya redio.

Kipande hiki iliposimama nyumba ni sehemu ya shamba la babu yako, mzee Njeru, ambaye ni baba yangu. Munene aliniambia baba alikitenga kwa jina langu na hakikuwahi kulimwa na mtu. Majirani wanakuja kuitazama nyumba. Wanasema nimeleta nyumba ya baridi kwenye joto, na kwamba mchwa wa Mbeere watafanya harusi. Gachoki ameipandisha juu ya mawe marefu na kuipaka oili chafu ya magari chini kote. Inanuka kama gereji lakini mchwa wamekaa mbali. Choo kiko upande wangu.

Kijana mmoja alitaka tukiache chumba cha nyuma, mbao zake zimechoka. Nilikataa. Zile zilizooza nimebadilisha, na dirisha nimeligeuza litazame mashariki. Uliniombea nibaki, na ona, nimehama. Sijui ulipiga magoti vipi. Lakini usirudi kule juu kurekebisha. Ukienda, nenda ukashukuru, na unisalimie yule mama mweusi.

Likizo yako ikifika, panda gari la Embu, kisha la Siakago. Ukishuka hapo stejini usiulize kwa Nelius, hakuna atakayemjua, niliondoka zamani sana. Huko Kiirua nilikuwa bibi ya Kaimenyi mpaka mwisho, hata watoto waliniita hivyo. Hapa mwenye duka la kwanza aliniuliza nyumba ni kubwa, nina watoto wangapi. Nikamwambia nina mmoja, anaitwa Sheila, anakuja. Wewe uliza kwa Mama Sheila. Mtoto yeyote atakuleta mpaka mlangoni.

Tata